Dobi Alivyopozwa

Chumba cha kufulia cha ile hoteli kilikuwa chini kabisa, mahali ambapo madirisha yanaona miguu ya wapita njia na si zaidi. Wote waliofanya kazi humo walikuwa madobi, lakini ukisema "Dobi" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Ni yule mwanamke mwembamba mwenye mikono mirefu, aliyesimama kwenye pasi kubwa ya mvuke karibu na mlango. Shati liliingia likiwa kama limetafunwa, likatoka limenyooka kama limenunuliwa leo. Kola aliianza kwa ndani. Mikono hakuitia mstari mpaka aulize, maana wapo wageni wanaoutaka mstari na wapo wanaorudisha shati kwa hasira wakiuona.

Na alikuwa na mdomo. Huyo hakujua kumung'unya maneno. Msimamizi akichelewesha sabuni, atapewa vidonge vyake mbele ya watu. Ameze au ateme, shauri yake. Mpishi akileta aproni zenye mafuta ya juzi, naye atapewa vyake. Wenzake walimwogopa kidogo na kumpenda sana, kwa sababu alisema kwa sauti yale ambayo wao waliyanong'ona nyuma ya mashine. Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole asiye na haraka, na alizoea kwamba kila wazo lake litakataliwa kwanza, kisha litabishaniwa, kisha litakubaliwa likiwa na sura nyingine kabisa. Waliishi hivyo, wakalea watoto hivyo, na walicheka sana.

Pombe ilimwingia kwa njia ya kijinga. Wageni wa hoteli huacha chupa zenye kitu ndani, na wahudumu wa vyumba walizishusha chini pamoja na mashuka, zimefichwa ndani ya foronya. Kazi ikiisha, kila mtu anaonja. Wenzake walionja wakaenda zao. Yeye akaonja, akaongeza, akafika mahali akawa anazisubiri zile foronya kuliko anavyosubiri mshahara. Baadaye hakusubiri tena. Alinunua mwenyewe, akaimimina kwenye chupa ya wanga wa kunyunyizia nguo, na watu wakamtania mbona wanga wake haukazi kola. Naye akacheka nao. Kicheko kilikatika siku alipolaza pasi ya mkono juu ya koti la mgeni, akasinzia akiwa amesimama, mpaka moshi ukajaa chumbani na mwenye koti akashuka mwenyewe kuja kuona ni nani.

Hapo ndipo dada yake alipoingia kati. Dada huyu, mwenye duka la ndoo na masufuria, alikuwa mtu wa kuamua. Alikaa kwenye kiti cha mdogo wake, akaweka mkoba mapajani, akasema, "Mdogo wangu, imetosha. Kesho unakwenda kwenye ile nyumba ya kuachisha pombe. Nimeshaongea na Mlezi."

"Kuna daktari huko?" mume akauliza.

"Shemeji, kuna Mlezi. Ameponya watu wakubwa."

"Nimeuliza daktari."

"Na mimi nimekujibu."

Dobi hakubisha. Alikuwa amechoka na nafsi yake. Alifungasha nguo, akazikunja vizuri kwa mikono inayotetemeka, akaenda.

Nyumba ile ilikuwa na ukuta mrefu, geti la bluu, vitanda vya chuma na ukumbi wenye viti vya plastiki. Mwenye nayo alijiita Mlezi. Alikuwa mwanamume mwenye sauti nzuri ya kubembeleza, na alikuwa amekunywa zamani akaacha. Hicho ndicho kilikuwa cheti chake. Ukutani palikuwa na picha zake akishikana mikono na waliopona. Daktari alikuwepo, lakini alikuwa kama mvua ya mahali pakavu. Alipita, akaandika, akaondoka, na kilichobaki kikafanywa na Mlezi na vijana wake.

Siku za kwanza Dobi aliona cha mtema kuni. Mwili wote ulitetemeka, jasho likalowesha godoro, akaona sisimizi wakitembea kwenye shuka jeupe lisilo na kitu. Wakampa vidonge vya kutuliza wasiwasi. Na hapa lazima haki isemwe: vile vidonge vilimsaidia. Mtu aliyekunywa kwa miaka akikata mara moja, mwili unaweza kumgeukia ukamwua. Dawa ile, ikitolewa kwa siku chache, ikipunguzwa kwa mpango, mgonjwa akiwa chini ya macho ya anayejua, humshusha taratibu mpaka chini. Sisimizi wakaondoka. Mikono ikatulia. Dobi akalala usingizi ambao hakuwa ameuona kwa miaka.

Ila hakuna aliyekuja kumpunguzia. Wiki ziliingia na kutoka, na kila jioni wagonjwa walijipanga ukumbini, wakakinga viganja, wakapewa. Nyumba nzima ilikuwa kimya. Ndugu waliokuja kutembelea walishangaa jinsi jamaa zao walivyotulia, watu waliokuwa wakivunja vyombo nyumbani sasa wamekaa mikono magotini kama wanasubiri kupigwa picha. "Mnaona?" Mlezi aliwaambia. "Hii ndiyo amani." Ndugu wakapiga makofi, wakaenda kwa mhasibu kulipa.

Siku ya kuondoka, Mlezi alimkabidhi Dobi mfuko mzima wa vidonge. "Ukisikia wasiwasi, meza kimoja. Ukizidi, meza viwili. Vikiisha, njoo hapa hapa, usihangaike kwingine."

"Mpaka lini?" Dobi aliuliza.

"Mama, hiki ni salama. Hiki si pombe."

Kazini walimpokea vizuri. Msimamizi, ambaye miaka yote alipita karibu na pasi ile akiwa amejikunyata kama anayepita karibu na mbwa, sasa alipita akipiga mluzi. Sabuni ilichelewa, Dobi hakusema. Aproni zikaja zina mafuta, akazipokea. "Amepoa," wakaambizana. Dada yake akawaleta wateja wake wa duka mpaka nyumbani kwa Dobi waje wajionee. "Huyu ndiye yule," alisema, akimwonyesha kwa mkono. "Mwoneni alivyopoa." Dobi alitabasamu. Alijua kwamba anaonyeshwa kama sufuria jipya, na kwamba zamani angemkata kauli dada yake papo hapo hata kama ni mkubwa kwake. Lakini maneno yalikaa mbali, kama vitu vilivyo juu ya kabati, na yeye hakuwa na nguvu ya kuvuta kiti avifikie.

Aliyekosa raha ni mume. Jioni moja alirudi, akanawa mikono iliyojaa grisi, akakaa mbele ya mkewe.

"Mama watoto, nafikiria kuuza kitanda chetu."

"Sawa," Dobi akasema.

"Tulale chini."

"Sawa, baba watoto. Kama umeona hivyo."

Mume akasogeza kiti karibu naye. "Sina nia ya kuuza kitanda," akasema. "Nimekujaribu tu. Tangu tuoane hujawahi kunikubalia neno mara ya kwanza. Hata siku niliyokuposa ulisema hapana, ukaniita nikiwa nimeshafika barabarani. Wewe uko wapi?"

"Niko hapa. Siku hizi sinywi. Hamfurahi?"

"Ninafurahi hunywi. Ninauliza uko wapi."

Swali lile alilala nalo.

Vidonge vikaanza kumdanganya. Kimoja kilichokuwa kikimtosha kikawa hakimfikishi popote. Akameza viwili, kisha vitatu. Akaanza kusahau. Alipiga pasi rundo la foronya akalirudisha lilikotoka, akalipiga pasi tena. Mara moja aliungua kidole na akakitazama kwanza, kisha ndipo akakiondoa. Alipokwenda kuchukua mfuko mwingine kwa Mlezi, alikuta ukumbi umejaa huzuni. Mwalimu mmoja, mzee wa utani aliyekuwa akikaa kiti cha jirani na chake wakati wa matibabu, alikuwa amefariki. Alikwenda kwenye mkusanyiko wa familia, akapitiwa na shetani, akanywa bilauri chache; akarudi nyumbani, akameza vidonge vyake kama kawaida, akalala. Asubuhi hakuamka.

"Pombe imemwua," Mlezi aliwaambia waliokusanyika, akafuta macho. "Mnaona mwisho wa anayerudi nyuma?"

Hakuna aliyetaja vidonge. Dobi naye hakuvitaja. Alipokea mfuko wake, akaondoka akimlilia mwalimu.

Mambo yalijifunua siku Mlezi aliposafiri na kabati lake likafungwa. Vidonge vya Dobi vilikuwa vimebaki vichache, akajizuia kumeza ili vimfikishe mpaka arudi. Kufikia jioni ya siku iliyofuata mikono ilianza kutetemeka, jasho likamtoka mgongoni, moyo ukagonga kama mtu aliye mlangoni. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akaitazama mikono yake. Aliujua ule mtetemeko. Hakuhitaji kutambulishwa. Ni ule ule uliompata siku za kwanza za kuacha chupa, wa ndani ya mifupa, na umekuja kudai kitu.

"Baba watoto," aliita. "Hawa watu hawakuniachisha. Wamenihamisha tu."

Mlezi aliporudi, Dobi alikuwa wa kwanza getini, vidonge vilivyobaki vimo mkobani. Hakwenda kugombana. Alikwenda kuomba. "Nataka kuviacha hivi vidonge," alisema. "Nipunguzie kidogo kidogo. Nikikaa bila vyenyewe natetemeka kama zamani."

Ilikuwa saa ya mkutano, ukumbi umejaa wagonjwa na ndugu, na dada yake alikuwepo kwa kuwa alikuwa amemleta mteja mwingine wa dukani aione nyumba ile. Sura ya Mlezi ilibadilika. Huenda aliona aibu, huenda aliogopa. Alichofanya ni kupaza sauti ile nzuri.

"Jamani, sikilizeni! Mwenzetu amelewa vidonge. Nilimpa dawa ajitulize, yeye ameigeuza pombe. Ndivyo akili ya mlevi ilivyo, itanywa hata maji ya betri!" Watu wakacheka. Akanyoosha mkono. "Lete mfuko."

"Nimekuja kuomba nipunguziwe..."

"Hapa hatupunguzi. Hapa tunaacha. Leo, sasa hivi."

Dada akamnyang'anya mkoba, akautoa mfuko, akampa Mlezi. Mlezi akaingia chooni mlango ukiwa wazi, akamwaga vidonge vyote, akavuta maji. Ukumbi ukapiga makofi.

Dobi alirudi nyumbani akitembea kwa kujikaza kisabuni. Mumewe alipoambiwa alisimama, akakaa, akasimama tena. "Twende hospitali," akasema. Lakini dada alikuwa amewafuata, akakaa pale pale kwenye kile kiti chake cha kuamua. "Hospitali mkafanye nini? Mkapewe vingine? Shemeji, usimdekeze. Atatetemeka siku mbili tatu, kisha basi." Mume, ambaye hakuwahi kushinda mabishano katika maisha yake, alishindwa na hayo pia. Atakuja kujilaumu kwa hilo muda mrefu, ingawa wa kulaumiwa walikuwa mstari mrefu na yeye alikuwa wa mwisho.

Siku ya tatu Dobi alikwenda kazini kwa sababu msimamizi alishaanza kunung'unika. Mwanga wa taa ulimchoma macho. Sauti ya mashine ya kukamulia ilimwingia kichwani kama msumeno. Alilaza shati kwenye pasi kubwa, akashika mpini, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni kwamba kola ile ilikuwa imekaa upande.

Alipozinduka alikuwa sakafuni. Kulikuwa na maumivu ya moto kwenye mkono na ladha ya damu mdomoni. Juu yake palikuwa na pua. Ilikuwa pua ya msimamizi, imemwinamia mpaka karibu kugusa midomo yake, inavuta hewa.

"Kanywa tena," msimamizi akatangaza. "Nilijua tu."

"Unasikia harufu?" mmoja wa wenzake akauliza.

"Hawa wanajua kuficha harufu."

Dobi alitaka kusema. Maneno yote aliyokuwa ameyakosa kwa miezi yalimjia kwa pamoja, yakampanda kooni, na ulimi ukakataa. Alikuwa ameuuma wakati mwili ukimrusha. Ulikuwa umevimba, umejaa mdomo mzima kama kitambaa. Alitoa mlio. "Mnamsikia? Hata kuongea hawezi," msimamizi akasema.

Wakambeba mpaka zahanati ya jirani. Nesi wa zamu akauliza kuna nini, akaambiwa ni mlevi. Naye akainama, akamnusa. Akamfunga mkono ulioungua, si kwa ukali, lakini akamlaza kwenye benchi la ukumbini na si kitandani, maana vitanda ni vya wagonjwa. Dada yake akafika akihema kutoka dukani. Hakuuliza mkono umefanya nini. Akainama. Akanusa.

Pua ya tatu. Dobi aliihesabu. Alimtazama dada yake ndani ya macho kutoka pale kwenye benchi, machozi yakimshuka kuelekea masikioni, na hayakuwa machozi ya maumivu. Angekuwa na ulimi wake angesema: wote mmekuja kutafuta pombe, hakuna hata mmoja aliyekuja kunitafuta mimi.

Mume alikuja mbio, bado ana spana mfukoni. Hakumnusa mtu. Alipiga magoti, akamtazama ulimi, akamtazama mkono, akawageukia wenzake wa kazini walioketi pale. "Alifanya nini kabla hajaanguka?"

"Alikakamaa," mmoja akasema. "Kisha akatupatupa mikono na miguu. Povu likamtoka."

"Na nyinyi mlimwambia nesi hivyo?"

Wakatazamana. Hakuna aliyemwambia. Walisema mlevi, na neno lile likawa limemaliza maelezo yote.

Hapo yule mtu mpole alibadilika. Alisimama katikati ya ukumbi wa zahanati akapiga kelele mpaka mgonjwa wa meno akaacha kulia. "Mke wangu hajanywa! Ameshikwa na kifafa! Amenyang'anywa dawa juzi, mwili umemkatalia, na nyinyi mnanusa! Mnanusa kama paka! Nileteeni gari!" Nesi alijaribu kumtuliza, naye akamwambia kwamba katika nyumba yake wametulizwa vya kutosha.

Gari likapatikana. Dada akapanda pia, kimya.

Katika hospitali kubwa daktari alikuwa mwanamke mwenye macho ya mtu asiyelala. Alimsikiliza mume mpaka mwisho, akauliza jina la vidonge, amevimeza kwa muda gani, vingapi, vilikatwa lini. Kifafa kingine kilikuwa karibu kuja. Alimpa Dobi dawa, akaagiza alazwe na aangaliwe. Kesho yake, mgonjwa alipoweza kukaa, alivuta kiti.

"Nitakueleza na wewe uniulize," alisema. "Pombe na vile vidonge, kwa ubongo wako, ni kama ndugu wa tumbo moja. Vinabisha mlango mmoja. Ndiyo maana kimoja kinaweza kukusaidia kuachana na kingine, kwa siku chache, mtu akikusimamia. Ukipewa kwa miezi bila mpango, ubongo unahamia huko. Ukivichanganya na pombe, vyote viwili vinakulaza, na pumzi inaweza kusahau kazi yake. Na ukishavizoea, kuvikata mara moja ni hatari kama kukata pombe mara moja. Ndicho kilichokupata."

Dobi aliomba karatasi, kwa kuwa ulimi ulikuwa bado mzito. Akaandika: *Mwalimu.*

Mume akamweleza daktari habari za mwalimu aliyelala asiamke. Daktari akaitazama tena ile karatasi. "Sikumwona, kwa hiyo siwezi kuapa," akasema. "Lakini ndiyo. Hivyo ndivyo huwa."

"Mbona basi wanagawa kama njugu?" dada akauliza kwa sauti ndogo, neno lake la kwanza tangu jana.

"Kwa sababu mgonjwa aliyetulia hamsumbui mtu. Na si huko tu. Hata sisi huku tunaandika, mgonjwa anatoka, hakuna anayeuliza ataacha lini." Akamgeukia Dobi. "Wewe ulikwenda kuomba upunguziwe. Katika watu wote wa hadithi hii, wewe ndiye uliyetaka kufanya lililo sahihi."

Dobi aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa lawama. Zile alijua kuzibeba. Hili lilimvunja. Alilia kwa kwikwi, dada akanyoosha mkono kumshika bega, Dobi akauondoa ule mkono. Si kwa nguvu. Aliurudisha tu mapajani kwa mwenyewe.

Akaanza kushuka upya. Safari hii dawa ilipimwa, ikapunguzwa kwa vipande, akarudi kliniki kuangaliwa, ikapunguzwa tena. Haikuwa njia nyepesi. Kila kipande kilichotoka kilimwachia siku za moyo kukimbia na ngozi kuwasha kama imevaliwa kinyume. Pia alipewa mtu wa kuongea naye, mama mmoja wa kliniki aliyemfundisha kuukalia wasiwasi bila kuukimbia, na kikundi cha walioacha pombe kilichokaa kwenye darasa la shule baada ya masomo. Pombe hakuigusa. Lakini kadiri ukungu ulivyopungua, hasira ilipanda. Iliota mwilini mwake kama nywele baada ya homa, na hakutaka mtu yeyote amshauri aipunguze.

Ulimi ulipopona alivaa gauni lake la kijivu, akalipiga pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe, akaenda kwa Mlezi siku ya ndugu kutembelea. Mume alimsindikiza. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wagonjwa walikuwa wamekaa, mikono magotini.

"Nina neno," Dobi alisema kutoka mlangoni.

"Mama, karibu, tutaongea ofisini," Mlezi akasema.

"Uliniaibisha hapa, utanisikiliza hapa." Akawageukia ndugu. "Mnaona watu wenu wametulia. Mimi pia nilitulia hivyo hivyo. Waulizeni wanamezeshwa nini, kwa muda gani, na nani anawapunguzia. Mimi sikuambiwa. Nilipoomba kupunguziwa, huyu alimwaga vidonge vyangu chooni, mkapiga makofi, nami nikaanguka juu ya pasi ya moto." Akapandisha mkono wa gauni. Kovu lilikuwa bado jekundu, limeng'aa. "Na mwalimu aliyefariki, mliambiwa pombe imemwua. Mliambiwa nusu."

Zogo likazuka. Mlezi alisema huyu mama amerudia kunywa, mwangalieni macho. Baba mmoja akapiga kelele kwamba mwanawe alikuwa akimpiga mama yake kwa rungu na sasa hapigi, kwa hiyo Dobi afunge mdomo, asiwaharibie. Wengine wakamzomea. Kijana wa getini akamshika kiwiko.

"Mimi sisemi msiwalete watu wenu kwenye matibabu!" Dobi alisema akisukumwa. "Nasema waulizeni! Mnanunua ndoo mnaitazama kama inavuja, mtu wenu hamuulizi?"

Wakatolewa. Huko nje, mama mmoja aliyefunika kichwa kwa kanga aliwafuata mpaka pembeni, akitazama nyuma. "Binti yangu anameza hivyo tangu mwaka jana," alinong'ona. "Nikavitupe leo?"

"La! Usivitupe!" Dobi alimshika mikono yote miwili. "Usimkatie ghafla hata kidogo. Mpeleke hospitali pamoja na vidonge vyenyewe, useme kila kitu. Na pombe asiiguse akiwa navyo."

Malalamiko yalipelekwa mahali panapohusika. Mume aliyaandika, daktari akaweka sahihi, na dada, bila kuombwa, akaenda kutoa ushahidi wake akiwa ameshika mkoba wake kifuani: mimi ndiye niliyempeleka, mimi ndiye niliyempa mfuko. Kumwambia mdogo wake samahani kulimchukua muda zaidi. Alipolisema, alilisema jikoni, akiwa amempa mgongo, anasugua sufuria ambalo lilikuwa safi. Dobi akasema amesikia. Hakusema amesamehe, kwa sababu bado, na alikuwa ameacha kusema mambo ambayo bado.

Wakaguzi walikwenda kwenye ile nyumba. Walikaa ofisini, wakanywa soda, wakatoka na onyo: kuwe na daktari wa kudumu, na dawa ziandikwe. Mlezi akapaka geti rangi upya na kuongeza kwenye kibao neno "kliniki". Kuhusu mwalimu hakuna aliyeulizwa chochote. Dobi alipoambiwa alipiga meza mpaka vikombe vikaruka, na mumewe akamwacha apige.

Kazini walitaka kumfukuza kwa ulevi. Karatasi ya hospitali ikawazuia. Msimamizi alilazimishwa kumrudisha, ila kumwomba radhi alikataa. Alisema yeye alifanya kazi yake. Dobi akahamishwa upande wa kukunja mashuka kwa ajili ya mkono wake, na hakuna siku aliyompa msimamizi yule salamu.

Kidonge cha mwisho alikimeza siku ya kawaida, akaosha kikombe, akaenda kazini. Tangu hapo, kila siku ya ndugu kutembelea, akitoka kazini hupita njia ile ya geti la bluu, sasa la kijani. Alianza kwa kusimama karibu na geti, akiwasalimu wanaoingia na kuwauliza kama wanajua jamaa zao wanameza nini. Wapo wanaomkwepa. Wapo wanaomwita kichaa. Wapo wanaosimama. Kijana wa getini alipomfukuza, akisema pale ni eneo la watu, Dobi alivuka barabara akasimama ng'ambo, kwenye kivuli cha ukuta wa duka la vioo, na alipotokea Mlezi mwenyewe kumwambia aondoke na hapo, alimjibu kwa sauti iliyofika mpaka ndani ya ukumbi:

"Huku ni barabarani. Barabara hujaijenga wewe."